Bingwa wa Boriti na Shanga za Akiru

Jumapili, Lodwar. Saa kumi na moja jioni.

Joto la leo limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Upepo unaleta mchanga kutoka upande wa mto, mbuzi wa jirani wamelala chini ya tangi la maji, nami nimeketi kivulini na kompyuta mapajani, nikijaribu kuandika jambo ambalo sijazoea kuliandika.

Nimeshindwa hoja. Nimeshindwa na mtu ambaye hata hajui kwamba tulikuwa tukibishana.

Mnaonisoma hapa mnajua siandiki ili nipendwe. Nimegombana na wahubiri, na wanasiasa, na walimu wenzangu wa zamani, na wale watafiti wanaolala Lodwar siku mbili kisha wanarudi Nairobi kuandika kitabu kizima kuhusu njaa yetu. Mwezi uliopita nilianza makala mpya, safari hii dhidi ya jimnastiki. Kichwa chake kilikuwa tayari: "Kiwanda cha Mifupa Midogo." Nilikuwa na vitabu vyangu mezani, nilikuwa na hasira, na nilikuwa na sababu ya nyumbani.

Sababu yenyewe inaitwa Akiru. Ni binti wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na minne, na nimekaa naye tangu mamake alipofariki. Likizo iliyopita alikwenda kwa rafiki yake Kakuma, akarudi akitembea juu ya kila kitu chembamba: ukingo wa karo la kufulia, benchi, ukuta wa kanisa. Kumbe kule kuna mkimbizi kutoka Kongo, kocha, anayewafundisha watoto wa kambini na wa wenyeji mazoezi ya viungo kwenye magodoro ya zamani. Boriti yao ni mbao aliyoichonga kwa mikono yake. Kocha huyo akanipigia simu.

"Mama, uyu mutoto iko na kipaji," akasema. "Umulete akae huku likizo yote, tumufundishe muzuri."

Nikamwambia watoto si nyani wa maonyesho. Nikakata simu.

Ndivyo nilivyo. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyo.

Akiru hakulia wala hakununa. Aliniwekea simu yake mezani, juu ya vitabu vyangu. "Anti, wewe ndiye husema mtu asipinge kitabu ambacho hajasoma," akaniambia. "Haya, msome huyu."

Alikuwa amezipanga video zote za bingwa mmoja wa Kichina, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Jina lake siliandiki. Mara ya mwisho nilipotaja mwanamichezo hapa mlipigana kwenye maoni siku nne.

Katika video ya kwanza ana miaka sita hivi, yuko katika shule ya michezo ya mji mdogo kando ya mto, ananing'inia kwenye chuma. Mtu asiyeonekana anahesabu. Mtoto analia kwa mdomo wazi, machozi yanafika kidevuni, lakini mikono haiachi chuma. Nilisimamisha hapo hapo nikaandika kurasa mbili kwa pumzi moja. Kurasa hizo bado naziamini, neno kwa neno. Aliyekuwa akihesabu sijamsamehe.

Kisha nikaendelea, nikidhani natafuta ushahidi zaidi.

Ana miaka kumi na sita, na ni mara yake ya kwanza kuwa bingwa wa dunia. Boriti ina urefu wa mita tano na upana wa sentimita kumi. Chukua rula ya mwanafunzi uone sentimita kumi ni kitu gani. Juu ya upana huo msichana yule alijirusha kinyumenyume, miguu ikapita juu ya kichwa, akatua bila kishindo, kisha akajirusha tena kabla sijaelewa ya kwanza. Nilimwita Akiru aniambie kama wameichezea video. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ana miaka kumi na minane, fainali ya timu, naye ndiye wa mwisho. Nchi nzima inamtazama. Mguu unateleza. Anaanguka, ubavu unapiga boriti, na hata kwa spika mbovu ya simu ule mlio niliusikia wazi. Sheria humpa aliyeanguka sekunde chache tu za kupanda tena. Anasimama, anatia mikononi poda ya kukausha jasho. Anapanda. Na anarudia kile kile kilichomwangusha.

Kile kile. Angeweza kukiacha. Hesabu ya alama ilikuwa imekwisha haribika.

Timu yake ilikosa medali. Matusi aliyotukanwa na watu wa kwao niliyasoma kwa tafsiri ya mashine, na nadhani hata mashine iliona aibu. Mwaka uliofuata kano ya kisigino ikakatika mazoezini. Akakaa nje karibu miezi kumi na minane, na mwili ukafanya yale ambayo mwili wa msichana hufanya: nyonga zikapanuka, urefu ukaongezeka, uzito ukahama mahali pake. Watangazaji wakaanza kumwita mkongwe akiwa na miaka ishirini na mmoja. Ishirini na mmoja! Mimi nina viatu vya umri huo.

Halafu akarudi, na hapo ndipo nilipoacha kuandika.

Yule mtoto mwepesi kama panzi hakuwapo tena. Aliyepanda boriti alikuwa mwanamke mtulivu aliyejua kila sentimita ya mwili wake mpya. Yaliyomshinda alikuwa ameyaondoa. Yaliyobaki aliyafanya polepole, kama mtu anayesema ukweli na hana haraka. Katikati ya yote anasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua nyuma yake juu kabisa, na anayumba. Nilivuta picha hadi unyayo ukajaa kioo chote. Vidole vya mguu vimeishika mbao. Vimeishika kama mkono wa mtu aliyening'inia kisimani. Uso hauonyeshi chochote. Vita vyote viko huko chini, kwenye vidole vitano.

Nimesoma sana kuhusu ujasiri. Sikuwahi kuliona umbo lake.

Alishinda siku hiyo, akawa bingwa wa dunia tena akiwa na miaka ishirini na minne, wakati wenziwe wa zamani walikuwa wameshaolewa au wameshasahaulika. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliwainamia majaji, akaenda kukaa karibu na msichana wa timu nyingine aliyekuwa ameanguka mapema.

Video ya mwisho ni mahojiano baada ya kustaafu. Mwandishi anamuuliza swali langu, lile lile nililojengea makala: je, ulilazimishwa? Nikasogeza kiti. Naye akajibu kwamba alipokuwa mdogo, ndiyo. Ila baada ya kisigino hakuna aliyemlazimisha, kwa sababu hakuna aliyemtaka tena. Kupanda upya kulikuwa uamuzi wake.

Basi makala yangu nayo ikakatika kano.

Nilimpigia kocha wa Kakuma nikamwomba radhi. Alicheka. Akasema Akiru akifika Jumatatu atapata nafasi. Baada ya hapo kikundi cha likizo kimejaa. Lakini Akiru si wangu peke yangu. Ni wa mama yangu kabla hajawa wangu, na bila neno la mama yangu hatoki nyumba hii. Kwa hiyo nilimtumia ujumbe kijijini kwake Kataboi: njoo Jumapili, tuna jambo la kuzungumza.

Jambo lenyewe sikulitaja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Akiru huvaa shanga ambazo bibi yake alizitunga upya kutoka kwenye shanga za marehemu dada yangu. Shuleni hubaki na mtungo mmoja chini ya kola. Nyumbani huvaa zote, zikapanda kutoka mabegani hadi karibu na kidevu. Leo asubuhi alikuwa akifanya mazoezi uani kwenye gogo la mkoma tulilolilaza juu ya matofali. Alipojiviringisha, shanga zikanasa kwenye kifundo cha gogo zikamvuta shingo. Nilishtuka. Nikamwambia: "Vua. Vua zote, hata ule mmoja."

Akaniangalia. "Zote, Anti?"

"Unataka kujinyonga?"

Akavua. Nikazitundika kwenye msumari kando ya mlango, nikaingia jikoni kugeuza ugali.

Mimi shanga zangu zilikatwa na masista wa bweni nikiwa na miaka saba, na sijavaa tena tangu siku hiyo. Nimeandika juu ya shanga, nimewatukana watalii kwa sababu ya shanga, lakini shingo yangu haijui kitu. Kwetu mwanamke mzima wa afya havui. Anavua akiugua, au akifiwa.

Mama alishuka kwenye bodaboda. Akaona msumari. Akaona shingo ya mjukuu wake, tupu, katika nyumba ambayo ina watu wawili tu.

Niliisikia sauti yake nikiwa na mwiko mkononi. Kilio kile nilikisikia mara moja tu kabla ya leo, tulipomzika dada yangu. Nikabaki nimesimama mbele ya sufuria, nikijiuliza nani amekufa. Kisha nikasikia jina. Lilikuwa langu.

Mama alikuwa akinililia mimi.

Nilipotoka nje, alikuwa ameketi mchangani, kilemba kimeanguka, majirani wawili wamemshika. Mzee Abdi mwenye duka la mkabala alikuwa ameshafunga milango, amebeba kilo mbili za sukari na majani ya chai ya msiba. Aliponiona aliziangusha.

"Wallahi, Mwalimu," akasema, "si wewe ndiye umekufa?"

"Bado, Mzee Abdi."

"Alhamdulillahi. Basi nirudishe sukari?"

Watu wakacheka, wakiwemo waliokuwa na machozi. Mama hakucheka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigusa masikio, akanigusa meno. Kisha akanipiga kofi begani, kofi la kweli, na mimi nina miaka hamsini na mmoja.

"Nimezika mmoja," akasema. "Nikashuka hapa nikakuzika wewe. Umemvua mtoto shanga za mamake, kwa sababu ya nini?"

Hoja nilizozoea kutumia katika mabishano niliziacha. Nilimweleza yote moja kwa moja: kocha, Kakuma, kesho. Akasema hapana. Akasema mchezo unaomvua msichana shanga ni mchezo wa wafu, na asubuhi angeondoka na Akiru kwenda Kataboi. Akiru alisimama karibu na gogo, mikono nyuma. Nikajua kwamba akienda Kataboi, kwa kocha hatafika kamwe.

Basi nikafanya kama alivyonifanyia Akiru. Nikamwekea mama simu mkononi.

Alitazama anguko. "Mwanamume huyo aliyesimama kando, mbona hamwinui?"

"Haruhusiwi, Mama. Akimgusa anapunguziwa alama."

Akasonya. Akaona msichana akipanda tena. Nikamwekea ile ya ubingwa wa pili, ya miaka ishirini na minne. Aliisogeza simu karibu na uso. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Tena." Mara ya tatu aliweka kidole chake kwenye kioo, juu ya kichwa cha yule mwanamke.

"Huyu amebeba maji," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa: tazama shingo, tazama macho hayashuki. Hivyo ndivyo mtu anavyotembea kutoka kisimani na mtungi umejaa, njia ni ya mawe, na nyumbani kuna wenye kiu. Yeye, Mama, ametembea hivyo maisha yake yote. Hajawahi kuona mtu akipigiwa makofi kwa hilo.

 Halafu akainuka, akazitoa shanga msumarini.

"Shanga za mtu aliye hai hazikai ukutani," akasema. "Akipanda ule mti wake, zikae kwenye shingo ya mtu wa damu yake. Akishuka, arudishiwe."

"Shingo ya nani?"

 Alinitazama shingoni, mahali masista walipokata.

Desturi hiyo haipo. Nimesoma kila kilichoandikwa juu yetu na nimewasikiliza wazee wetu tangu utotoni. Mama yangu aliitunga papo hapo, kwenye mchanga wangu, kwa mamlaka yake mwenyewe. Na sasa ipo.

Amenivalisha ili nizoee, mtungo juu ya mtungo, na Akiru anacheka huko jikoni kila akipita. Ni nzito kuliko nilivyodhani, na bado zina harufu ya shingo ya Akiru. Haziniruhusu kuinama. Haziniruhusu kugeuka. Herufi hizi naziandika bila kuziona.

Kesho asubuhi tunakwenda Kakuma. Yeye atapanda mbao ya kocha, mimi nitakaa chini na shanga za dada yangu, kidevu juu. Atateleza, bingwa wa dunia aliteleza, sembuse yeye.

Siku hiyo nitafumba macho, au nitaweza kumtazama mpaka apande tena?