Makofi Juu ya Bonde la Rukwa

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba, mama. Hapa Mpui ulezi tumeshavuna, na goti la babu yako limepata nafuu.

Unaanza kazi ya kuhudumia ndegeni, unaniuliza abiria huthamini nini zaidi. Mimi nilipanda mara moja tu, enzi za vijiji vya ujamaa, nikimpeleka baba yako hospitali Mbeya, akiwa mtoto mchanga, anaumwa. Kilikuwa kindege kidogo. Tulikiona kisogo cha rubani.

Juu ya bonde la Rukwa mawingu yakatufunika, ndege ikaanza kutikisika na kuporomoka. Abiria kimya, rubani kimya. Nilikitazama kile kisogo mpaka nikashindwa. Nikamlaza mtoto mapajani, nikapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyomwamkia mkubwa. Aliyeamkiwa hanyamazi.

Rubani akageuka kidogo. "Mama, njia naijua. Itatikisika tena, halafu tutatoka."

Ikatikisika kweli, kuliko mwanzo. Lakini sasa nilijua kinachokuja, na abiria wenzangu niliwasikia wakishusha pumzi.

Basi, mama, siku ndege yako ikitikisika, usingoje wakupigie makofi.

Bibi yako anayekuombea