Geti la Uwanja Limefungwa

Uwanjani, Makambako
Jumapili jioni

Mke wangu Neema,

Kamwene. Umeshindaje, na mwanetu ameshindaje? Damu imekoma? Unakula? Naanza na hayo kwa sababu ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo. Mimi mwili ni mzima.

Hunipati kwenye simu kwa kuwa kocha amezikusanya zote. Tangu tufungwe nyumbani na timu ya Njombe, tumewekwa kambi hapahapa uwanjani, kwenye vyumba vya chini ya jukwaa, na geti lina kufuli. Mazoezi, ugali na maharage, kulala. Nawasikia wauza viazi wa Lyamkena wakiita wateja barabarani, ila siwaoni.

Ijumaa dereva wa lori la majani ya chai alisimama getini akaniita kwa sauti: "Festo! Mkeo kajifungua mtoto wa kike. Ila bado yuko kituo cha afya Lupembe, ametokwa na damu nyingi."

Nilikwenda kwa kocha na matope miguuni. "Kocha, naomba siku moja tu nikamwone."

"Jumapili tuna mechi. Shinda kwanza, ndipo uniombe."

Nikaenda nyuma ya goli, nikaanza kupanda ukuta. Mzee Mligo, mlinzi wetu, akanikuta. Hakunikaripia. Alisema zamani hapa palikuwa pori la nyasi tu, ng'ombe walikatiza mechi ikiendelea, na watu walitazama bure wamekaa kwenye tuta la reli. Ndipo wananchi wakaitana msaragambo. Wanawake wakasomba mchanga, wanaume wakafyatua tofali. Vile vipande vya chupa juu ya ukuta alivipanga yeye mwenyewe.

"Tulikuwa tunawazuia wa nje," akasema. "Shuka, mwanangu, utajikata."

Nikashuka.

Leo tumeshinda. Krosi iliyozaa goli ni yangu. Mashabiki walinibeba mabegani mpaka getini, wakanishusha, wakatoka wao. Nikamfuata kocha, akanikumbatia.

"Unaona kambi ilivyotusaidia? Hatuivunji sasa. Wiki ijayo tunacheza tena hapahapa."

"Lakini uliniahidi, kocha."

"Nilisema uniombe. Ukitoka, jezi iache kitandani. Wapo wanaoitaka."

Wewe mwenyewe ulisema nisirudi kuchuma chai ya watu. Na huku, nje ya timu, sina hata pa kuweka begi. Nimekaa kitandani, jezi iko mapajani, sijui niikunje au niivae.

Nisalimie mama mkwe anayekuuguza, baba yangu, na shangazi anayekupikia uji. Mtoto mpe jina wewe, usinisubiri.

Dereva anarudi Lupembe kesho asubuhi, nimemwomba apite getini. Ama nitapanda lori lake, ama nitampa barua hii.

Ikikufikia, ujue nilibaki.

Mumeo,
Festo