Injini Uliyonikataza Kuigusa

Jumanne, siku ya tisini na mbili ya eda. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Mume wangu Bakari,

Injini nimeigusa.

Ulisema nibadilishe nitakacho katika kiunzi chako cha programu za wavuti, ila injini inayokiendesha isiguswe. "Injini ni ya seva, na saa ni ya seva. Ukiniletea injini ya pili na saa yake, Amina, samaki wa leo watasomeka wa jana." Sasa hupo, na chama cha wavuvi hapa Kizingitini kinachoandikia samaki wake humo, kinataka kukitupa kiunzi chote, kwa kuwa mtandao ukikatika, mizani ya kisiwani Ndau haiandiki kitu. Nduguyo alikuja kuzitaka nywila za seva. Alisimama nje ya pazia. "Shemeji, wewe umeishia kidato cha nne. Mjane na injini wapi na wapi?" Nikamjibu niko edani, sina haraka.

Nikakaa na daftari. Niliorodhesha kila mahali ulipoiita injini moja kwa moja: faili, mtandao, saa. Nikavitoa kimoja kimoja, nikaviweka katika moduli za kuchomeka na kuchomoa. Kiunzi hakijui tena kinaendeshwa na nini. Kwenye seva kinapata injini yako ileile. Kwenye simu ya mpimaji kinapata injini ndogo, isiyongoja mtandao.

Kuhusu saa ulisema kweli. Samaki wa kwanza wa Ndau waliandikwa wamepimwa kabla ya alfajiri. Simu ya Bi Rukia, mpimaji, husoma saa mbili asubuhi wakati seva inasoma nane ya Kizungu, maana ndivyo tunavyohesabu sote hapa, na kubadilisha hataki. "Simu yangu, nisome saa ya nani?" Nililia siku hiyo, kwa hasira, kwa sababu nilijua ungesema nini. Kisha nikaandika moduli ya saa ya Ndau. Inamuuliza mara moja anahesabu vipi, halafu inaongeza saa sita.

Leo mtandao ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi alasiri, mzigo wote wa Ndau uliingia, kila samaki na saa yake. Bi Rukia akanipigia. "Mwambie shemejiyo anayezitaka nywila aje apime yeye."

Sikukutii, Bakari. Radhi siombi. Juu ya kila faili nimeacha jina lako, na chini yake nimeandika langu.

Mungu alitie nuru kaburi lako. Eda ikiisha nitaingia ofisi ya chama mwenyewe, nikae kwenye kiti chako, na nywila simpi mtu.