Sauti Uliyowauzia

Mama,

Nimechukuliwa kazi pale ulipokuwa. Ni ile ofisi ya juu ya duka la mabomba hapa Voi, ulikokuwa ukirudisha simu ya kampuni ukitoka milimani kurekodi watu, na kujirekodi mwenyewe. Mimi situmwi vijijini. Bwana Nyambu, msimamizi wenu, aliona ninavyojibu nikitazama sakafu, akasema, "Huyu tumkalishe ndani. Huku hatutaki mdomo, tunataka masikio." Wenzangu walicheka, nami nikacheka kidogo ili nisionekane nina kiburi.

Kwa hivyo nakaa mbele ya kompyuta, nimevaa visikizio, nasikiliza watu wakiongea Kidawida. Nikimaliza kusikiliza nabonyeza "inafaa" au "haifai". Rekodi inayofaa inaenda ng'ambo kwa wateja, ambao wanaifundisha mashine yao kuongea lugha yetu. Isiyofaa inafutwa, na ikifutwa hairudi.

Nyumbani kumebadilika. Chumba chetu cha Birikani amekipanga mtu mwingine, fundi wa pikipiki, na ukipita pale kunanuka petroli. Mimi niko kwa Shangazi. Ananitunza vizuri, sina neno. Lakini chakula chake hakigandi chini ya sufuria, na siwezi kumwambia kwamba hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikiisubiri jikoni kwako.

Unakumbuka ulivyoanza kazi hii? Nilikuwa kidato cha nne. Mwalimu wa Biashara alikuwa ametufundisha kwamba nchi ndogo isiyo na viwanda inaweza kukua kwa kuuza huduma. Mgeni akija kuona ndovu wa Tsavo akalala Voi, alisema, tumeuza nje bila kupakia hata gunia moja. Nilikusomea hayo ukichambua maharagwe, ukaniambia, "Mwalimu wako anasema kweli. Katani inataka shamba, mashine, halafu gari moshi mpaka Mombasa. Sauti inataka pumzi tu." Ulijivuna siku hiyo. Ulikuwa umefagia vyumba vya wageni miaka mingi, na sasa ulikuwa ukiuza kitu ulichozaliwa nacho.

Na pumzi ndiyo uliyokuja kukosa.

Nikuambie jambo ambalo nadhani ulilijua ukaninyamazia. Rekodi nyingi za Mwanda, kule kwenu milimani, zinakataliwa. Si kwa sababu ya upepo wala kuku. Ni salamu. Karatasi ya wateja inasema msemaji aanze moja kwa moja kwenye jambo aliloulizwa, na neno lolote la nje ni takataka. Lakini wazee wetu hawawezi kuanza bila kusalimu. Wanaisalimu simu, "Kwawuka mana?", halafu wananyamaza kuisubiri ijibu. Wengine wanaiuliza habari za watoto na za ng'ombe. Ulipotusimulia nyumbani tulicheka hadi ukashika mbavu. Yule Mzee Mghanga alikufokea, "Nimwambie mtu mambo yangu kabla sijamsalimia? Mimi ni mwizi?" Na ulipomweleza kwamba simu si mtu, akasema basi iende ikafunzwe adabu kwao kabla ya kuletwa Mwanda.

Sasa mimi ndiye ninayewafuta. Namsikia mzee akisalimu, nasikia ule ukimya wa kusubiri, nabonyeza. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Siku hizi unaenda wenyewe, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Bibi alipojua ninachofanya alipiga simu. Unamjua mama yako, haombi mara mbili, lakini kwa hili ameomba kila wiki. "Umefika kwa mama yako? Ukimkuta, usimpite kama mtu wa njiani. Niletee nimsikie." Hatuna sauti yako popote, Mama. Simu yako mwenyewe ilikufa kabla yako, na ile ya kampuni waliichukua. Picha tunazo, lakini picha haiongei.

Wiki hii nilikukuta.

Rekodi nyingine zako zilishapita zamani, kabla sijaajiriwa. Bwana Nyambu anasema zilikuwa safi, mambo ya mvua na ya bei za vitunguu. Zimekwenda. Iliyobaki ilikuwa moja, ya siku zako za mwisho za kazi, na ikaangukia foleni yangu. Swali la wateja lilitaka ueleze chakula cha kwenu. Nilibonyeza kusikiliza bila kujua ni nani, nikasikia, "Kwawuka mana?"

Wewe. Wewe uliyezunguka vijiji vizima ukiwakataza wazee. Uliisalimu simu, ukanyamaza, ukaisubiri. Nami nikaitikia. Nilitamka kwa sauti, Mama, ofisini. Dada Mkawasi anayekaa kando yangu alivua visikizio vyake akaniuliza, "Kumbe huyu huongea?" Kisha akaniona uso, akavivaa tena.

Ulieleza kimanga. Jinsi ya kuchemsha maharagwe na mihogo mpaka viive, kuponda, kutotia maji mengi. Ukasema binti yako hupenda kile kilichogandia chini, na kwamba ukimpa sahani nzuri atakula kwa heshima, lakini ukimpa sufuria na kijiko atakuambia mambo ya moyoni mwake. Hapo kikohozi kikakushika. Kilikaa. Nilikuwa chumba cha pili siku hiyo nikisoma, nadhani, na sikutoka kwa sababu tulishazoea. Ulipomaliza ukasema, pole, tuendelee.

Salamu haifai. Kikohozi hakifai. Pole haifai.

Nilikwenda kwa Bwana Nyambu. Sijawahi kwenda kwenye meza yake bila kuitwa. Nilimuuliza kama naweza kuipitisha, moja tu. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema wateja wana watu wao wanaosikiliza tena, na wakikuta mbovu moja iliyopitishwa hurudisha kazi yote ya Voi. "Kuna nchi nyingine zinaomba kazi hii hii, Wakesho, na kwa bei ya chini kuliko yetu. Hawatatuuliza kwa nini." Nikamuuliza kama naweza basi kubaki nayo, niipeleke Mwanda. Akatazama dirishani. "Si yetu. Mama yako aliiuza alipoweka sahihi. Hata mimi sina ruhusa ya kukupa."

Nilimtazama Dada Mkawasi, analea mtoto peke yake kwa kiti hicho. Bila kazi hii vijana wa pale wangekuwa Mombasa wakibeba mizigo. Mwalimu hakudanganya, kazi hii inalisha watu. Lakini hakutufundisha kwamba anayenunua ndiye anayeamua adabu ni nini na takataka ni nini, na kwamba sisi tutakuwa wepesi wa kukubali kwa sababu nyuma yetu kuna foleni. Ningejua, ningemuuliza. Hapana, nisingemuuliza. Ningenyamaza.

Bwana Nyambu alinipa jioni nzima. Alisema rekodi hiyo isikilizwe hadi tufunge, na asiniharakishe mtu. Nikakusikiliza. Nikarudia, nikarudia, midomo ikikufuata. Malori yalipita barabarani na dirisha likatetemeka, nami nikaanza tena. Wenzangu walipozima taa za upande wao, nilibonyeza "haifai".

Skrini ikaniletea mwingine. Mtu wa Mwanda, akielezea mvua.

Mama, mahali fulani kuna mashine itakayoongea Kidawida, na ndani yake kutakuwa na kipande chako, kile cha vitunguu, bila kikohozi na bila salamu. Sitaweza kukitambua. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia kaburini.

Kesho ni Jumapili, napanda Mwanda. Shangazi ananishauri nimwambie Bibi kwamba rekodi ilipotea mtandaoni, kwa kuwa ni mzee na hataelewa. Ataelewa. Nitamwambia nilifika kwako, na kwamba ni mimi niliyebonyeza. Akinifukuza, nitakaa nje ya mlango mpaka anirudishe.

Halafu nitakusema wewe, neno kwa neno. Nimekushika mzima kichwani, tangu unapoisalimu simu mpaka pole ya mwisho, najua unapovuta pumzi na unapokosea neno ukalirudia. Nitasimama mbele ya mama yako, mimi ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani, nimtolee maneno yako kwa mdomo wangu, na nikifika kwenye kikohozi nitakohoa.

Lala, Mama. Nakuahidi sitaruka kitu.

Binti yako,
Wakesho