Kamba ya Mama Haitoki Nyumbani

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Mwamkulu. Tumepishana miaka michache tu, lakini mdogo wa bibi yako ni bibi. Dada yangu, bibi yako, hajambo, goti limepona.

Umeuliza kwa nini seli itake RNA wakati DNA ipo. Mama yangu alikuwa na kamba ya kupimia nafasi za mashimo ya mahindi: nyuzi mbili zilizosokotwa, mafundo ya uzi mmoja yakilingana na ya mwenzake. Ilikaa chumbani. Shambani tulikwenda na uzi mmoja, nakala yake, tuliyoifungua msimu ukiisha.

"Mama, tupe hiyohiyo tuwahi," kaka alisema.

"Ikipotea huko mtapima kwa macho?"

Msimu mmoja panya walikata uzi mmoja wa kamba ile, na mvua ilikuwa imeshaanza. Mama akafuata mafundo ya uzi uliobaki, akafunga mengine kama hayo kwenye uzi mpya, tukapanda.

DNA hutunza maelekezo hivyo ndani ya kiini cha seli, uzi mmoja ukisaidia kurekebisha mwingine. RNA ni nakala ya uzi mmoja, yenye herufi ya kemikali U pale DNA ina T. Hutoka kwenye kiini kwenda kuongoza utengenezaji wa protini, kisha huvunjwa.

Siku niliyofundishwa hayo shuleni nilirudi kumshukuru Mama.

"Mshukuru aliyenisokotea," alisema.

Ni mama yake, ambaye sikuwahi kumwona.

Bibi yako mdogo