Wanataka Shamsa Aseme Alizua

Jumapili, 12 Oktoba

Sare nimepiga pasi. Chapati nimefunga. Kiyoyozi cha chumba cha Mama kimeanza tena kutoa maji, fundi kaahidi kuja na hakuja.

Siku ya kwanza ya wiki, na skuli imeshanipigia nikiwa kazini Qurum. Mudira, mkuu wa skuli, anataka kuniona kesho. Nilimuuliza binti yangu Shamsa garini, kanieleza tulipoingia mtaani kwetu Hamriya. Somo la dini lilikuwa la ndoa. Mwalimu kaeleza kuwa mwanamme kuoana na mwanamme ni haramu. Msichana mmoja akasema hayo ni ya watu wa nje, sisi hatuna. Mwanangu akanyoosha mkono. Akasema mjomba wake Khalfan, aliyeko Uholanzi, kaoana na mwanamme mwenzake.

Mbele ya darasa zima. Ya Rabbi.

Kajuaje? Kanisikia mimi nikigombana na Khalfan kwenye simu. Nyumba ndogo, mdomo wangu mkubwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mudira ni mtu mzuri, ndiyo maana nimekasirika zaidi. Kahawa, tende, maneno laini. Mama za wanafunzi wamechachamaa kwenye kundi la WhatsApp, wengine hawataki binti zao wakae na Shamsa. Dawa anayo. Alkhamisi, kwenye mstari wa asubuhi, Shamsa asimame mbele aseme alizua, hana mjomba wa namna hiyo, anaomba radhi. Yatakwisha. Hataki, basi nimtafutie skuli nyengine.

Nikasema nitafikiri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimejichukia njia nzima.

Jumanne, 14 Oktoba

Said anasema tukubali. Mume wangu hapendi kelele. Simlaumu, jina la mtoto wa kike likichafuka mji huu kulisafisha kazi.

Lakini mimi siwezi. Niandike wazi, humu hasomi mtu. Ndoa ya Khalfan siikubali. Nilimwambia mwenyewe, nikalia, na arusini sikwenda. Dini imeshasema, mimi nani niibadilishe? Skuli ifundishe hivyo hivyo, sijaomba waache. Ila skuli hiyo hiyo ndiyo iliyomfundisha mwanangu kuwa uongo ni dhambi, akaja kunikosoa mimi nilipomtuma aseme sipo, kumbe nipo jikoni. Leo wampandishe mbele ya wenzake adanganye, tena kwa jina la dini? Thubutu. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Jumatano, 15 Oktoba

Said kampigia Khalfan, kamweleza. Khalfan kaniandikia: semeni tu hamna ndugu kama mimi, mtoto asiumie, mimi nimeshazoea.

Nimempigia nikamtukana. Maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hayasemi. Kazoea nini? Nani kampa ruhusa ya kuzoea?

Mama kasikia. Mama ndiye mkali kuliko sote. Ilipokuja habari ya ndoa ile alipanda kiti na magoti yake mabovu, akazitoa picha za mwanawe ukutani kwa mkono wake. Nilidhani atasema mtoto atii mudira. Nikamweleza yote. Akauliza skuli inafunguliwa saa ngapi.

Alkhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda skuli na Mama, kabla ya mstari. Kavaa buibui, mkongojo kaukataa. Mudira kambusu kichwa, kampa kiti. Mwalimu wa dini naye alikuwepo, binti mdogo tu. Mama kasema kwa Kiarabu chake chenye Kiswahili ndani. Kasema aliyoyafanya Khalfan ni dhambi, na yeye mamake hana haja ya kundi la simu kumfundisha hilo, kwani wao wanaongea tu, anayelia ni yeye. Kisha akasema:

"Nimemzaa mimi, nikakaribia kufa. Sasa munataka mjukuu wangu asimame aseme sikumzaa?"

Nami sikuweza kujizuia. Nikasema halali na haramu mfundisheni, nashukuru. Nani ndugu yake, hilo ni la nyumbani kwangu.

Aliyejibu ni yule mwalimu mdogo. Alisema hukumu ataendelea kuifundisha kama ilivyo, lakini mtoto hakusema uongo, na yeye hatasimama pembeni akimtazama analazimishwa kuusema. Mudira akasema Shamsa aende darasani.

Hakusimama mbele. Nilimrudisha Mama nyumbani, nikacheka peke yangu mpaka kazini.

Jumapili, 19 Oktoba

Tusijidanganye. Wasichana wawili wamehamishwa viti na mama zao. Kundini hakuna anayeijibu salamu yangu. Naituma kila asubuhi, watachoka wao. Said bado kanuna.

Nimemuuliza Shamsa kama anajuta. Kasema hapana, ila mapumziko ni marefu ukiwa peke yako. Imeniuma. Kesho anarudi pale pale, kiti chake kile kile.

Jumanne, 21 Oktoba

Jirani mpya kaja kutusalimia, mtu wa Pemba, mpole. Nimetoa halwa. Mazungumzo ya kawaida, joto, bei ya samaki. Akamuuliza Mama, Mungu kamjaalia watoto wangapi.

Miaka yote hii Mama akiulizwa hivyo hujibu mmoja, na mimi huinuka nikaenda jikoni. Leo nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

"Nna wawili," akasema. "Huyu, na Khalfan."

Jirani kauliza Khalfan yuko wapi. Mama kasema yuko Uholanzi, kuna baridi sana huko. Nikakaa. Nikammiminia mgeni kahawa.