Mama Wankuru, Leseni Yako Ilitoka

Mpendwa mama yangu Wankuru,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini tangu nilipoingia nyumbani kwako sijawahi kukuanza kwa neno lingine, na sitabadilika leo kwa sababu tu umekufa. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si siri tena. Kata nzima ya Kemambo wanalijua na kila mtu analisimulia anavyotaka. Nataka wewe ulipate kutoka kwangu.

Leseni yako ilitoka. Ilitoka wiki tatu baada ya kukuzika.

Ngoja, usishangilie bado. Na usinikasirikie pia. Nianzie mbali kidogo, maana hata wewe ulikuwa huwezi kusema habari ya kuku bila kuanza na yai.

Nilikuja kwako kutoka Morotonga nikiwa msichana nimenuna. Wewe hukujaliwa mtoto wa kiume, ukatoa ng'ombe wako mwenyewe ukanioa kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke anaoa msichana ili nyumba yake ipate watoto. Wapo wasichana walioteseka sana kwa desturi hiyo na sitawasemea uongo. Mimi mwenyewe nililia siku mbili. Siku ya tatu ulikuja na uji, ukakaa chini kando yangu, ukasema, "Ghati, ukimaliza kulia kuna mahindi ya kupalilia. Lakini maliza kwanza, sina haraka." Nilicheka kamasi zikiwa puani. Ndivyo ulivyonishika, na hukuniachia tena. Bhoke alipozaliwa ulimbeba mgongoni kuliko nilivyombeba mimi, hadi majirani wakawa wananiuliza kama kweli nimemzaa.

Na ni mahindi hayohayo yaliyotuingiza kwenye mambo ya serikali. Unakumbuka? Tulikuwa tunapalilia upande wa kilimani, jembe lako likagonga jiwe jeupe likavunjika. Nilitaka kulitupa. Ukaninyang'anya. Ulikuwa umeuza vitumbua miaka mingi kwa wachimbaji kule Nyamongo na ulijua mawe kuliko walivyojua wao. Tukalitwanga kwenye kinu cha kisamvu, tukaosha ule unga kwenye karai polepole, na chini kabisa ukabaki uzi mwembamba wa njano. Tulitazamana kama watu walioiba. Ukasema, "Kimya. Kwanza tule."

Wengine wangechimba kwa kujificha, na kwetu wapo. Wewe ulikataa. "Nikimbizwe na polisi kwa magoti haya? Sitaki. Tutaomba leseni, tuchimbe mchana kama watu." Tukawa kikundi cha watu saba. Mwalimu Matiko, mstaafu, ndiye aliyetusomea fomu. Chacha wa kijiweni aliuza bodaboda moja kati ya zake mbili. Mama Neema wa dukani aliingia, na majirani wawili wenye mashamba kando yetu. Mimi niliuza cherehani, wewe ukauza ng'ombe, tukanunua karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mwalimu akasema sasa sisi ni wawekezaji wadogo. Ulicheka hadi ukashika ukuta. "Mwekezaji anavaa tai, Mwalimu. Mimi nimevaa kandambili."

Sasa nifike penye kosa langu.

Siku ya kujaza fomu tulikaa sebuleni kwa Mwalimu. Fomu ilitaka jina la mtu mmoja wa kuongoza ombi. Mwalimu akakohoa, akasema labda tuandike aliye kijana, mambo ya serikali yana safari ndefu. Jamani! Tulimshukia mzee wa watu kama nyuki. Na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kuliko wote. Nilisema, "Mwalimu, kwetu hata supu haionjwi kama mkubwa hajaonja. Leo mtoto amtangulie mzazi kwenye karatasi ya serikali? Sisi hatukulelewa?" Wote wakasema kweli, Mama Wankuru awe mbele. Wewe ukajiweka sawa kilemba. Ulifurahi, nilikuona. Mwalimu akaandika jina lako bila kuongeza neno. Nilijiona mtu mwenye adabu sana siku ile.

Mwaka wa kwanza ukapita tukizungushwa na ofisi ya madini. Njooni baada ya wiki mbili. Mfumo unasumbua. Ramani ina kasoro, leteni nyingine. Mwaka wa pili faili likaenda makao makuu, likarudi, likaenda tena. Afisa yuko likizo. Afisa amehamishwa, mgeni bado anasoma mafaili. Wewe ulikwenda kila mara. Ulivaa kitenge cha kanisani, ukabeba viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko, ukampelekea yule dada wa mapokezi. Kabla hujauliza lolote ulikuwa unamuuliza, "Mwanangu, umekula?" Akishajibu ndipo unasema, "Haya, lile faili letu limepata nafuu?" Yeye anacheka, anakwenda kutazama, anarudi anatikisa kichwa. Sina ubaya na yule dada. Yeye alikuwa na kiti tu, saini zilikuwa kwa watu wengine ambao sisi hatukuwahi kuwaona sura.

Huku nyumbani karasha lilikaa chini ya turubai hadi kuku wakalifanya kiota. Ulikuwa unatuma wajukuu wakatoe mayai ndani ya mashine ya dhahabu. Tulikuwa tunacheka, lakini Chacha alikuwa hacheki. Alibaki na bodaboda moja ya kulisha watoto wanne, na wenzake kijiweni walikuwa wanamwita mheshimiwa mwekezaji. Halafu akaja yule bwana wa gari lenye vioo vyeusi, akapiga picha kilima chetu, akaondoka bila hata salamu. Tangu siku hiyo tuliishi roho mkononi. Mtu mwenye nguvu akiomba eneo lilelile, faili lake haliugui.

Mwaka wa tatu miguu yako ikaanza kuvimba. Safari ya mwisho ulishindwa kupanda ngazi za ofisi, ukakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, na yule dada akashuka mwenyewe kukuambia bado. Ukampa viazi vyake. Tulipofika Nyamongo ukaniambia, "Ghati, mimi nachoka." Hukuwahi kuniambia neno hilo tangu nikujue. Ulikufa Jumapili, wenzetu wakiwa kanisani, na mimi nilikuwa nakukanda miguu.

Basi, wiki tatu baadaye Mwalimu alipokea ujumbe kwenye simu. Leseni imetoka, mwombaji afike mwenyewe na kitambulisho chake.

Tulikutana jioni ileile. Watu hawakujua walie au washangilie. Mwalimu akaeleza kwamba wewe ndiwe mwombaji, na ofisi ikijua umefariki, leseni itazuiliwa na tutaanza upya. Chacha ndiye aliyesema, akitazama sakafu. "Mama mdogo Weigesa si yupo? Si wamefanana?"

Nikubali kosa la pili hapahapa. Sikukataa. Mdogo wako Weigesa mmefanana mpaka pengo la meno. Nilimpigia mimi mwenyewe, akaja kutoka kwake upande wa Kenya, akavuka hapo Sirari akiwa na mkoba tu. "Nyinyi watu wa Tanzania mnaogopa sana," akasema. "Ni kuweka kidole tu, sindio? Twende basi, niko na ng'ombe ya kukamua." Nilifungua sanduku lako. Nikatoa kitenge cha kanisani na kitambulisho chako. Nikamfunga kilemba kama ulivyokuwa unafunga, upande mmoja juu. Nikamfundisha tarehe yako ya kuzaliwa. Alipogeuka kunitazama, mama, nilikuona wewe, lakini nilichukua mkoba tukaondoka.

Tulipoingia ofisini, yule dada alisimama kabla hatujafika mezani. Alizunguka meza, akamshika mama mdogo mikono yote miwili. "Mama Wankuru! Shikamoo mama yangu! Si nilikuambia itatoka?" Mama mdogo akaitikia kwa sauti ndogo. Dada hakumwachia. Alifurahi, mama, alifurahi kuliko sisi. Kisha akacheka, akasema, "Leo mbona huniulizi kama nimekula?"

Mama mdogo akanitazama. Hilo hatukumfundisha.

Bahasha ilikuwa mezani, nimeiona, jina lako kwa herufi kubwa. Ningenyoosha mkono ningeigusa. Ningesema tu mama ana mafua, koo limekauka, na mambo yangekwisha hapo. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini yule dada alikuwa anangoja umuulize. Alikuwa ametulia anangoja kabisa. Nikaona nikinyamaza, jioni ataenda kwake afurahi kwamba mama Wankuru amepona na amepata haki yake, na hatakulilia kamwe, na yeye alikuwa na haki ya kukulilia. Nikasema, "Dada, huyu ni mdogo wake. Mama tulimzika."

Yule dada alikaa kwenye benchi la wateja. Alilia mbele ya watu, bila leso. Alipopata sauti akasema, kana kwamba anakuambia wewe, "Ilibaki saini moja. Muda wote huo, mama, ilikuwa saini moja." Kisha akafuta uso, akarudisha bahasha kwenye droo. Leseni haitolewi kwa marehemu, alisema, itabidi tuombe upya. Angeweza kutuitia polisi. Alituambia tuondoke kabla bosi wake hajarudi.

Mama mdogo alinigombeza hadi stendi. "Ungesema tukiwa nyumbani! Nimevaa nguo ya marehemu bure!" Halafu akanishika bega, akasema kwa kunong'ona, "Lakini uliniokoa. Nilikuwa karibu kujikojolea." Tulicheka tukilia, watu wakatuona wendawazimu. Nyumbani Chacha hakucheka. Aliniambia neno moja tu, "Umetumaliza," na akakaa mwezi mzima bila kunisalimia. Mwalimu yeye alisema ukweli ni mzuri, ila huu wangu ulichagua siku mbaya.

Utaniuliza kama najuta. Najuta, mama. Nikimwona Chacha juani anangoja abiria, najuta mpaka nashindwa kula. Nikikumbuka mikono ya yule dada, sijuti. Nimekaa na vitu hivyo viwili na havitaki kupatana. Ila kosa la fomu ndilo linaloniuma bila kupoa. Nilikuweka mbele kwa heshima, kumbe nilikuwa nakupandisha mlima ambao magoti yako yalikuwa hayauwezi. Nisamehe kwa hilo, hayo mengine tutayamaliza sisi wenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikaa tena sebuleni kwa Mwalimu, na fomu mpya. Ukoo umekubali Bhoke ashike nafasi yako kwenye kikundi, kwa hiyo bado tuko saba. Chacha alikuja pia. Alinisalimia, na nikamkaribisha kiti. Tulipofika kwenye lile jina la kuongoza, wote tulimgeukia Mwalimu, maana sasa yeye ndiye mkubwa wetu, na mezani kwake vilikuwepo vidonge vya presha. Mwalimu hakushika kalamu. Alivua miwani, akamuuliza Bhoke ana umri gani.

"Kumi na tisa, babu."

"Kitambulisho unacho?"

"Ninacho."

"Basi tunaanza na wewe."

Chacha akashtuka. "Mwalimu, mtoto?"

"Ndiyo, mtoto. Safari hii tuandike mtu atakayekuwepo."

Hakuna aliyepinga. Hata mimi, na domo langu lote. Bhoke anangoja kwenda kusomea unesi, nilitaka aende zake mbali na kilima kile, lakini aliinama akaweka saini bila kunitazama. Mwalimu akaendelea, akamuuliza kila mtu umri wake kama anaita majina darasani, akipanga wengine nyuma ya Bhoke, wa kushika ombi kama aliye mbele hayupo tena. Kidogo kidogo watu wakaanza kujipanga wenyewe. Jirani mmoja akasema yeye anaonekana kijana lakini kifua kinamsumbua, ashushwe chini. Mama Neema akasema, "Mimi nina sukari, niwekeni nyuma ya Ghati." Alisema kawaida tu, kama mtu anayepisha mwenzake kisimani. Mwalimu alijiandika mwenyewe wa mwisho kabisa, akafunika kalamu.

Ndivyo orodha ilivyo sasa, mama, na ombi limeshapelekwa. Bhoke ni wa kwanza. Chacha ni wa pili. Mimi ni wa tatu.

Nakuaga kwa heshima zote za nyumba yako,

Mkamwana wako,
Ghati